Manyoya marefu kwa farasi mzee: pima damu kabla ya sindano

SWALI: Daktari, namtunza farasi wa kupanda hapa Naivasha, amehasiwa, ana miaka 21. Manyoya yake ni marefu na yenye mawimbi hata wakati wa jua kali, maji anakunywa bila kushiba, na wiki hii anakanyaga kama aliyechomwa miiba. Wenzangu wanasema ni uzee na minyoo. Kuna mtu anataka kumdunga sindano ya maumivu. Nikubali?

JIBU: Usikubali. Muulize kwanza chupa yake ina nini. Huenda ikawa deksamethasoni, ambayo ni steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe. Farasi atachangamka siku chache, mdungaji atalipwa aende zake. Lakini steroidi hupandisha insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, na insulini ikikaa juu huharibu tishu zinazoushika mfupa ndani ya kwato. Kwato za farasi wako tayari zinauma!

Na hili la "ni uzee" linanichosha. Farasi mzee mwenye afya hupukutisha manyoya kama wenzake. Huyu dalili zake ni za ugonjwa wa tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo: neva zinazoituliza kwa kemikali iitwayo dopamini zimechakaa, nayo inamwaga homoni ya ACTH kupita kiasi. Mpapase mgongoni. Je, misuli imekwisha huku tumbo likining'inia? Tazama juu ya macho: pamejaa mafuta mahali panapopaswa kubonyea?

Daktari wa mifugo achukue damu kupima ACTH na insulini, na sampuli ikae kwenye baridi hadi maabara. Ugonjwa ukithibitika, dawa ni pegolidi, kila siku, maisha yake yote. Tezi haiponi, inadhibitiwa. Akikataa chakula baada ya kuanza, daktari apunguze dozi.

Leo hii ondoa molasi na pumba za mahindi, mwekee matandiko mengi laini, usimtembeze kwa nguvu. Manyoya mnyoe, joto linamtesa. Minyoo anaweza kuwa nayo kweli, maana kinga yake imeshuka, ila kinyesi kipimwe kwanza badala ya kumnywesha dawa kwa kubahatisha.

Nawaambia na wenye mazizi wengine: farasi aliyepita miaka 15 akianza kuchechemea bila jeraha, asidungwe steroidi na yeyote kabla damu haijapimwa. Na hizo unga za mitishamba za "kusafisha homoni" hazichukui nafasi ya pegolidi. Wanaoziuza hawarudi kumwona farasi akilala chini asiweze kusimama.