Niliahidi milioni moja kanisani, kisha mvua ikawanyeshea dagaa wangu

*Shangazi, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa miaka 38, nachukua dagaa visiwani, naanika huko huko, kisha nawauza Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza. Mwaka jana mwezi wa kumi, siku ya harambee ya kupaua kanisa letu, nilisimama nikaahidi shilingi 1,000,000. Biashara ilikuwa imekaa vizuri, na mwenzangu tunayeuza naye alikuwa ametangulia kuahidi kiasi hicho hicho. Mpaka leo nimelipa 350,000. Masika hii dagaa wangu wamenyeshewa mara mbili. Mara ya kwanza niliwauza kwa bei ya chakula cha kuku, mara ya pili niliwatupa. Sasa kila Jumapili majina ya wenye ahadi ambazo hazijatimizwa yanasomwa mbele ya watu, na langu limo. Hii ni Jumapili ya tano sijakanyaga kanisani.*

*Kikoba chetu, kile kikundi cha kuweka akiba, kinavunjwa mwezi huu tugawane, nitapata kama 700,000. Lakini mtoto wa marehemu dada yangu, ninayeishi naye tangu akiwa darasa la tatu, amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni mkoa mwingine. Tumepiga hesabu, anahitaji kama 400,000. Mume wangu si mtu wa ibada. Anasema nikipeleka hela ya kikoba kanisani nisahau kuwa nina mume. Dada mmoja wa kikundi cha maombi kaniambia dagaa walinyeshewa kwa sababu nimemzuilia Mungu kilicho chake, na kwamba nikope kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, nimalize ahadi, baraka zitalipa deni. Silali, Shangazi. Mungu amenikasirikia?*

*Mama wa Kirumba*

Mwangaluka mayu.

Nianze na mvua, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi kuliko deni lenyewe. Siku dagaa wako waliponyeshewa, ni wako peke yao walioloa? Kwenye vichanja vya jirani yako mvua ilipita bila kudondosha tone? Wewe ulikuwepo, unajua jibu. Masika ikishika ziwani, anayeanika analia: aliyelipa zaka yake yote, asiyejua hata mlango wa kanisa, na yule Mwislamu wa kichanja cha tatu aliyekuazima turubai. Yesu mwenyewe alisema Baba yake huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Alikuwa akizungumzia wema wa Mungu, kwamba haugawi kwa upendeleo. Huyo dada wa maombi ameyachukua maneno ya wema akakutengenezea fimbo. Sisemi ana roho mbaya, huenda anakupenda. Lakini amekosea, na ushauri wake wa kukopa ni wa hatari.

Kausha damu haikuitwa hivyo kwa bahati mbaya. Unajua mwenyewe jinsi rejesho linavyokuja kila wiki bila kuuliza kama mitumbwi imeingia ziwani. Na dagaa wana kalenda yao. Giza likiwepo, taa zinawashwa na wavuvi wanapata. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi inalala ufukweni na wewe unakaa siku nyingi bila kuuza kitu. Mkopaji wa biashara kama yako akichukua mkopo wa rejesho la kila wiki, zile wiki za mwezi mweupe ndizo zinazombebesha godoro na televisheni kwenda kwa mkopeshaji. Umkopee Mungu kwa mtu wa namna hiyo? Mungu hana haja na fedha iliyopatikana kwa kukuvua nguo. Tafadhali, hilo liondoe kabisa mezani.

Sasa ahadi yako. Sitakwambia haina maana, kwa sababu ina maana. Ulisimama kwa miguu yako, ukataja kiasi kwa mdomo wako, na kamati ikaenda kuchukua mabati ikitegemea maneno ya watu kama wewe. Mhubiri sura ya 5 inasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, na nina hakika mstari huo umekwisha kuusikia zaidi ya mara moja tangu Januari. Ila kuna mwingine ambao naona hakuna aliyekusomea. Fungua Mambo ya Walawi sura ya 27. Pale kuna viwango kamili vya nadhiri, vimetajwa kwa shekeli: mwanamume wa miaka ishirini hadi sitini, hamsini, mwanamke, thelathini. Kisha mstari wa 8 unasema kama aliyeweka nadhiri ni maskini, hawezi kulipa kiwango hicho, aletwe mbele ya kuhani, na kuhani amkadirie upya kulingana na uwezo wake.

Usome tena taratibu. Torati, ile tunayoiogopa kwa ukali wake, iliacha mlango kwa mtu aliyeahidi kisha akaishiwa. Hakuambiwa akakope. Hakuambiwa pia aende zake kana kwamba hakusema kitu. Aliambiwa aende kwa kuhani, aseme hali yake, na kuhani ndiye aliyepewa kazi ya kushusha hesabu. Kitabu hicho hicho, sura ya 5, kinamruhusu asiye na uwezo wa kondoo alete hua wawili, na asiyeweza hata hao alete unga kidogo. Mariamu na Yusufu walipompeleka mtoto Yesu hekaluni, sadaka inayotajwa katika Luka 2 ni ile ya ndege wawili, sadaka ya watu wasio na kondoo. Mama wa Bwana alisimama kwenye foleni ya wenye kipato kidogo, na hakuna aliyemsomea jina.

Hapo ndipo penye kosa lako, mwanangu, nikuambie bila kukuficha. Umeshindwa kulipa, na hilo mvua imelifanya. Lakini kukaa kimya majuma matano, hilo umelifanya wewe. Kamati haijui kama umeanguka kibiashara au umebadili nia. Inaona jina na pengo la 650,000.

Kuna jambo la pili, dogo, nalitaja nipite. Umeandika mwenyewe kwamba mwenzako alitangulia kuahidi kiasi hicho hicho. Hukulazimika kuniambia hilo, na umeniambia. Nadhani moyo wako unajua kwamba siku ile ulikuwa unamtazama yeye kuliko kutazama mfuko wako. Umejifunza. Tusilirudie.

Twende kwa mtoto. Nimeona ulivyoandika: kanisa upande huu, mtoto upande ule, kana kwamba ukimpa mmoja umemwibia mwingine. Lakini soma Kumbukumbu la Torati 14, mwishoni. Kila mwaka wa tatu zaka iliwekwa katika miji yao wenyewe, wakala Mlawi asiye na urithi, mgeni, yatima na mjane, wakashiba. Yatima yumo ndani ya zaka yenyewe. Na katika Marko sura ya 7 Yesu aliwakemea watu waliokuwa wakisema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Aliwaambia wamelitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Mtoto uliyeachiwa na dada yako, uliyemlea tangu darasa la tatu mpaka amechaguliwa kidato cha tano, anakuja kwanza. Ada ya kidato cha tano na sita shule za serikali ilifutwa mwaka 2022, tunashukuru, lakini godoro halikufutwa, nauli haikufutwa, wala sare, madaftari na vile vitu vyote vilivyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Mnunulie. Ukienda kumpandisha basi, nenda ukiwa umenyoosha mgongo.

Lakini nakuomba usifanye ujanja ninaousikia siku hizi, wa mtu kusema, "Nimemsomesha yatima, basi ahadi yangu ya ujenzi imekwisha." Godoro si bati. Ya mtoto ni ya mtoto, na ahadi inabaki ahadi, ila ikadiriwe upya.

Hesabu zako mimi ningezipanga hivi. Kati ya 700,000, mtoto 400,000. Kisha 200,000 ni mtaji, usiiguse kwa ajili ya mtu yeyote, hata mimi nikikuomba. Mwanamke wa Mwaloni asiye na mtaji giza linapoanza amekwisha, na hata sadaka ya mwakani imekwisha pamoja naye. Inabaki 100,000. Hapo nusu iwe ya nyumbani, kwa zile siku za mwezi mweupe, na nusu ipeleke kanisani kama malipo ya ahadi, uandikiwe risiti. Kiasi kitakachobaki mkipatane. Mkishapatana, usilipe kwa Jumapili. Lipa kwa giza. Kila giza likiisha na umeuza, toa ulichokipanga. Mwezi ukiwaka, usidaiwe. Paulo alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu aliwaandikia Wakorintho kila mtu aweke akiba kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Katika waraka wa pili, sura ya 8, aliwaambia nia ikiwepo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo, na kwamba hakutaka wengine wapate raha huku wao wakipata dhiki. Kufanikiwa kwako kunafuata mwezi wa angani. Mwambie mchungaji hivyo hivyo. Kama kanisa lenu liko hapa Mwanza, ataelewa.

Mumeo amekasirika, na sidhani hasira yake ni ya kumchukia Mungu. Alikuona ukitupa dagaa. Alisikia milioni moja kutoka kwa watu wa mtaani kabla hajaisikia kwako, au nakosea? Mke na mume wanaokula chungu kimoja wanazungumza kabla ya harambee. Mwoneshe hesabu hizo kwenye karatasi, aone mtoto na mtaji vimetangulia. Na akisema kanisa linakula tu fedha za watu, usibishane naye sana. Mwoneshe kilima cha Bugando. Ile hospitali ilijengwa na Kanisa Katoliki ikafunguliwa mwaka 1971, na mpaka leo mgonjwa anayepandishwa kile kilima anatibiwa bila kuulizwa anasali wapi. Sadaka za watu zilifanya jambo pale.

Sasa niseme na viongozi wanaosoma safu hii, maana barua za namna hii si ya kwanza kunifikia. Wachungaji wangu, wazee wangu, acheni kusoma majina. Najua mna deni la mabati, najua fundi anawapigia simu. Lakini mkisoma jina la mama mbele ya watoto wake, hamtapata ile 650,000; mtampoteza mama. Bwana alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Akitaka asiyetoa atajwe, angetuambia. Mwendeeni nyumbani, mketi, muulize biashara inaendaje kabla ya kuuliza ahadi.

Nimekulia Magu. Siku ya sikukuu ya mavuno watu walileta mahindi, kuku, mbuzi, na baada ya ibada mnada ulifanyika nje chini ya mti. Mama yangu alikuwa mjane. Mwaka mmoja jua lilichoma shamba lote, akawa na sahani moja tu ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Hakutaka kwenda. Alikaa mlangoni ameishika ile sahani mpaka kengele ya pili. Bibi yangu akamwambia kitu kwa Kisukuma ambacho sikukisikia, akanyanyuka. Mtunza hazina aliipokea kwa mikono miwili, akamwuliza jina ingawa alikuwa akimjua tangu utoto, akaliandika kwenye daftari. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, nimeanza kujua kusoma. Juu ya jina la mama kulikuwa na mtu aliyeleta mbuzi. Kila mtu alikuwa na mstari mmoja, na mistari yote ilikuwa na urefu sawa. Yule mzee hakuwa na elimu kubwa, lakini kwa namna alivyoipokea sahani ile, mama alirudi nyumbani akiimba, na hakuacha kanisa mpaka alipokufa.

Kwa hiyo usisubiri kikoba kivunjwe. Wiki hii, siku ya katikati ambayo hakuna ibada, mtafute mzee wa kanisa wa mtaa wenu, yule unayemwamini, akupeleke kwa mchungaji. Usijieleze kwa maneno mengi. Sema: "Niliahidi milioni moja. Nimelipa laki tatu na nusu. Dagaa wangu walinyeshewa mara mbili. Nina yatima anakwenda shule. Sijakimbia, nimekuja mnikadirie." Akikupunguzia, pokea kwa shukrani. Akikataa kupunguza, omba muda, na ukae na msimamo wako juu ya mtoto na mtaji. Akikutolea maneno ya laana, niandikie tena, hilo tutalizungumza kivingine.

Mwombe na mumeo akusindikize. Akisema haingii, abaki nje kwenye benchi. Na Jumapili hiyo hiyo rudi kwenye kiti chako, hata kabla ya kulipa senti. Mchukue na huyo kijana, kanisa limwombee kabla hajapanda basi.