Barua kwa mwanangu: simu ikipigwa kutoka juu

Konde, Pemba

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanangu, ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Mama yako na nduguzo wanakusalimu, na bibi yako anakuombea dua kila akimaliza kusali. Ujumbe wako nimeusoma na nikaurudia. Unasema kazi zimekuja mbili kwa pamoja: moja ya serikali, Idara ya Misitu na Maliasili Zisizorejesheka, kituo Wete, nyengine ya hoteli huko pwani ya mashariki ya Unguja, wanataka mtu wa mazingira, na mshahara wao unakaribia mara mbili ya ule wa serikali. Kisha ukauliza lile linalokukosesha usingizi: "Baba, ofisa wa ardhi na misitu ana faida gani, ikiwa simu moja ya mkubwa inatosha mti ukatwe?"

Sitakuficha. Simu zinapigwa. Zilipigwa nilipokuwa kazini na zitapigwa zamu yako. Ila swali lako linachukulia kuwa kazi yenyewe ni kuzuia miti isikatwe, na ukiingia na fikra hiyo utavunjika moyo mapema, maana miti itakatwa tu. Watu wanapika, watu wanajenga, watu wanaunda vyombo vya bahari. Ninavyoielewa mimi, ofisa wa maliasili kazi yake ni kugawa kitu kichache kwa watu wengi, akiwamo asiyekuja ofisini na yule ambaye bado hajazaliwa. Ni kama mpakuzi wa wali shughulini: akiwajazia masinia jamaa zake waliokaa mbele, wa nyuma watarudi makwao na njaa. Kila kibali utakachokitia saini ni fungu la mtu, na fungu hilo limetoka katika mafungu ya wengine. Ukilishika hilo, hata ile simu utaisikia kwa sikio jengine.

Anza na ardhi. Historia unaijua, lakini utaikuta mezani kila siku. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ilikuwa ya serikali, na kuanzia 1965 watu wakagaiwa eka tatu tatu. Sheria ya ardhi namba 12 ya 1992 ikaendelea na msingi huo huo: ardhi ni ya umma, iko mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Sasa njoo shambani. Eka tatu alipewa babu wa fulani. Minazi ya upande wa bondeni aliipanda ami yake, na watoto wa ami ndio wanaoangua mpaka leo. Mwembe wa katikati una wenyewe wengine, na chini yake yapo makaburi ya watu wa mji wa pili. Kwetu ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Kijana wa ofisini akija na ramani na jipiesi yake, akauliza tu "mwenye shamba nani?", akaandika jibu la kwanza alilolipata, basi ameshapanda ugomvi utakaofika Mahkama ya Ardhi na kurithiwa na wajukuu. Wewe uliza mara mbili: ardhi ya nani, miti ya nani? Uliza mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa shehia. Na waulize wanawake wazee, maana nimeona mara nyingi kuwa wao ndio wanaokumbuka nani alirithi nini, na nani alinunua nini ule mwaka wa njaa.

Kuna mikoko pia. Pemba ina mikoko mingi kuliko Unguja, na kila aina ina wanaoitaka. Mkandaa unatakiwa kwa fito, msinzi kwa boriti, mchu kwa mataruma, yaani mbavu za vyombo, na wachoma chokaa wanataka magogo makubwa ya aina yoyote, kwa sababu tanuri la chokaa linakula kuni usiku kucha. Hawa wote ni watu wa haki. Mjane anayeomba fito za kukandikia nyumba yake si mwizi. Ukimkatalia yeye kwa ukali wa sheria, halafu gari la mwenye uwezo likapita na boriti usiku, kijiji kizima kitajua, na kuanzia siku hiyo hakuna atakayekuambia nani kaingia mkokoni. Doria ya walinzi wawili haiwezi kuuzunguka ufuo wa wilaya nzima. Macho yako ni watu wa pale pale, nao wanayafumba wakiona mgao una upendeleo.

Hapo ndipo ninapokujibu kuhusu simu. Zamani mtu mwenye nafasi, ambaye sitamtaja, alitaka mikoko ya mbele ya kiwanja chake ikatwe ili aione bahari. Nikapigiwa. Nikajibu kwa heshima zote: "Sawa mheshimiwa, naomba maelekezo hayo kwa barua, nieleze kwenye faili sababu za kutoa kibali." Barua haikuja. Mara nyengine, kwa jambo la namna hiyo hiyo, barua ilikuja, ina muhuri na saini, na miti ikakatwa. Niliipokea, nikaandika maoni yangu ya kitaalamu kuwa bonde la mpunga liko nyuma yake, nikaifunga kwenye faili. Miaka ikapita, wenye bonde wakaanza kulalamika kuwa maji ya chumvi yanaingia. Faili likafunguliwa. Hakuna aliyeshitakiwa, wala miti haikurudi siku ile. Lakini ombi la kukata sehemu iliyobaki lilipofika, lilikataliwa, kwa sababu sasa ilikuwapo karatasi inayosema ni nani aliamua nini na nani alionya nini. Unajua namna chumvi ilivyoharibu mashamba huko Kisiwa Panza. Bonde likishaingia chumvi, mpunga hauoti kwa sababu mkubwa fulani amejuta.

Basi faida ya ofisa ndiyo hiyo, mwanangu: anaulazimisha uamuzi uwe na jina la mtu. Simu haina jina. Wakubwa wengi, wakiombwa kuandika, hufikiri tena, na asiyefikiri tena ameshatia saini yake. Usigombane, usipandishe sauti, usiende kulalamika barazani. Omba barua tu. Na barua zako wewe ziandike siku ile ile, zisomeke, ziwe na tarehe.

Jambo litakalokuchosha zaidi ni mchanga. Wengi wanalisikia jina la Idara wanafikiri ni miti peke yake, lakini hilo neno zisizorejesheka limewekwa kwa ajili ya mchanga, mawe, kokoto na kifusi. Mti ukikatwa unaweza kupandwa mwengine. Mvinje ukiuotesha kitaluni na kuupeleka shamba, baada ya miaka michache unapata mapau. Mchanga ukishachukuliwa umekwenda. Na visiwa vyetu vinajengwa kila pahala, nyumba, skuli, hospitali, barabara, hoteli. Huko Unguja umeyaona mwenyewe machimbo ya Donge Chechele na Pangatupu, mashimo yalivyobaki na mashamba yalivyoliwa. Sheria inataka udongo wa juu uwekwe kando, na mchimbaji akimaliza shimo lisawazishwe na udongo urudishwe, watu walime tena. Hilo ndilo linaloachwa kwanza, kwa sababu gari zikishaondoka hakuna anayelipwa kurudi. Ukipata nafasi ya kusimamia machimbo, usitoe ruhusa ya kufungua shimo la pili kabla la kwanza halijasawazishwa. Utachukiwa na wenye magari, na baadhi yao ni jamaa zetu.

Kwenye kokoto uwe na huruma ya namna nyengine. Upande wa Micheweni kwenye maweni, ambako jembe halishiki, wapo wanawake wanaokaa juani na nyundo wanagonga mawe mpaka wapate mzigo wa kuuza. Wamesomesha watoto kwa nyundo hizo. Ofisa anayefika pale na kusema "mmevunja sheria" bila ya kuwaonesha pahala panaporuhusiwa, anawaondoa riziki na hana cha kuwapa. Inaniuma sana kuona sheria inaanza kwa mwenye nyundo na inamalizikia hapo hapo.

Usije ukadhani ninakuandikia habari za huzuni tupu. Angalia popo wa Pemba. Hawa hawapatikani pahala pengine popote duniani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamewindwa hata wataalamu wakaogopa watakwisha kabisa. Tuliwala, hilo linajulikana. Hawakuokolewa na walinzi wenye bunduki. Zilianzishwa jumuiya za vijiji kwenye maeneo wanayolala, kama Kidike, watu wenyewe wakakubaliana wasiwindwe, na wageni wanaokuja kuwatazama wakawa wanalipa kiingilio kinachobaki kijijini. Walipokuja kuhesabiwa miaka ya 2000 walikuwa wamepindukia 20,000. Serikali ilifanya nini pale? Ilitoa sheria, ilitoa maofisa wa kukaa na watu jioni baada ya jioni, ikanyamaza pale ilipotakiwa kunyamaza. Kazi ya namna ile haionekani kwenye ripoti, lakini popo wanaonekana magharibi yote juu ya paa letu.

Sheria ya misitu namba 10 ya 1996 inaruhusu shehia kuingia mkataba na serikali na kuusimamia msitu wake wenyewe: wapi pasiguswe kabisa, wapi kuni zikatwe na kwa utaratibu gani. Mikataba hiyo ipo mingi, hasa tangu ulipoanza mradi wa Hifadhi ya Misitu ya Asili mwaka 2010. Ikifika zamu yako kuifufua, tahadhari na ahadi. Watu waliambiwa habari za fedha za hewa ya ukaa, yaani malipo kwa wanaoacha misitu isimame, wakahesabu kabla hazijafika, na soko lile liko mbali nao. Mwanakijiji akilinda msitu kwa ajili ya fedha ambazo hazikuja, siku ya pili anashika panga, na huna la kumwambia. Mwambie faida unazoweza kumuonesha kwa kidole: kisima chake, bonde lake, kuni za mke wake msimu ujao.

Kuhusu nguvu, ujue pia kwamba saini yako itakuwa moja kati ya nyingi. Mwekezaji akitaka ufuo, Kamisheni ya Ardhi ina neno lake, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira ina lake, wenye kushughulikia uwekezaji wana lao, na Misitu mnaulizwa juu ya miti. Mara nyengine mtaulizwa mwisho, miti ikiwa imeshalala. Usisubiri kuulizwa. Ukisikia kwa sheha kuwa kuna watu wanapima, nenda siku hiyo hiyo, kabla msumeno wa moto haujawashwa.

Hoteli si kazi ya haramu wala ya aibu, na mtu wa mazingira mwenye msimamo anaweza kuzuia maji machafu yasimwagwe baharini. Ningefurahi hata ukienda huko. Lakini hoteli itakulipa utunze kilicho ndani ya ukuta wake, na mimi nimekulea huku Konde, hatua chache na Ngezi, kwenye msitu wenye mpapindi, ule mti wa jamii ya minazi usioota porini nje ya Pemba, na mivule ambayo babu zetu waliiogopa kuigusa. Msitu ule hauna mwenyewe wa kumlipa mtu vizuri. Una wananchi wote, na wananchi wote wanamlipa ofisa wao mshahara mdogo. Ninataka uwe wewe. Nakwambia wazi kwa sababu umeniuliza mimi, hukumuuliza mtu mwengine.

Dhiki zake uzijue kabla. Pikipiki ya ofisi itakosa mafuta wiki ambayo moto umewaka msituni. Utahamishwa pale unapoanza kuelewana na watu. Zitaletwa bahasha, na nyengine zitaletwa na mtu unayemuita ami. Bahasha ya kwanza ndiyo ya kuikataa kwa sauti inayosikika na walio karibu, kwa adabu lakini isikike, na za baadaye zitapungua. Mama yako anasema nikuambie kuwa chumba cha kwa khalati yako Wete kipo wazi, hutalipa kodi, kwa hivyo huo upungufu wa mshahara usiuogope kwa mwaka wa mwanzo.

Ukiamua, wajibu wote wawili wiki hii. Si adabu kuwaweka watu. Na ukichagua Wete, kabla hujaomba kuoneshwa msitu wowote, omba uoneshwe daftari la vibali vya mchanga: nani analishika, linafungiwa wapi, na mara ya mwisho limekaguliwa lini. Kisha nipigie simu unieleze walivyokujibu.

Wasalaam,
Baba yako