Kititia kinazunguka upande gani?

SWALI: Ninafundisha fizikia kidato cha tatu hapa Ujiji, Kigoma. Wiki iliyopita nilipeleka kititia cha karatasi darasani. Nikawasimamisha wanafunzi wawili, mmoja mbele yake na mwingine nyuma, kisha nikakipuliza. Wa mbele akasema kinafuata mwendo wa saa, wa nyuma akasema kinakwenda kinyume cha saa, na kipindi kikaishia kwenye ubishi. Kesho yake nikawaonyesha kwenye simu yangu ile picha ya kivuli cha mcheza dansi anayezunguka kwa mguu mmoja. Hapo ndipo ubishi ulipozidi. Je, Kiswahili hakina neno moja la upande wa mzunguko lisilobadilika? Na je, niseme Dunia inazunguka au inajizungusha? Mwalimu mwenzangu anasema "inajizungusha" ni kosa kwa sababu Dunia haina nia.

JIBU: Mwalimu, pokea salamu kutoka Tabora. Wanafunzi wako wote wawili walisema kweli, ila kila mmoja aliishia katikati ya sentensi. "Kufuata mwendo wa saa" ni maneno yanayodai mtu wa kutazama na mahali aliposimama. Saa ina uso na ina mgongo, nasi tumezoea uso tu: ya ukutani imetundikwa, ya mkononi imefungwa, hakuna anayeitazama kwa nyuma. Lau ingekuwa ya kioo pande zote mbili na kuning'inizwa katikati ya chumba, wazee wetu wangebishana kama darasa lako. Feni ya darini ni vivyo hivyo. Aliyelala chali chini yake anaona upande mmoja. Fundi aliyepanda ngazi hadi kichwa kikapita mapanga anaona upande mwingine. Basi sentensi kamili ni hii: "Kinafuata mwendo wa saa kwa anayekitazama kutoka mbele." Mfundishe mwanafunzi asiweke nukta kabla ya "kwa anayekitazama".

Nikae kidogo kwenye neno saa, kwa sababu lina jambo linalotuhusu sisi wa mikoa hii hasa. Mwendo wa akrabu ulitoka kwenye kivuli. (Akrabu kwa Kiarabu ni nge. Siku hizi wengi husema mshale au mkono wa saa, lakini neno hili mimi nalipenda, na linafaa kuendelea kufundishwa.) Zamani watu walisimika kijiti juani wakasoma wakati kwenye kivuli chake. Saa za mitambo zilipotengenezwa Ulaya, mbali kaskazini, akrabu zake zikapewa njia ambayo kivuli hupita huko: asubuhi magharibi, adhuhuri kaskazini, jioni mashariki.

Sasa njoo kwetu. Tabora na Kigoma zote ziko takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Nikiwa shule ya msingi nilipenda kutazama kivuli cha mlingoti wa bendera, na kwa muda mrefu nilidhani macho yangu yana kasoro. Mwezi wa Julai jua hupita kaskazini yetu, kwa hiyo kivuli huanzia upande wa magharibi, hupita kusini, kikaishia upande wa mashariki. Chora uso wa saa chini, 12 ikielekea kaskazini: kivuli kimetoka kwenye 9, kimepita 6, kimeishia kwenye 3. Kimekwenda kinyume cha saa! Desemba jua likiwa limehamia kusini, kivuli kilekile cha mlingoti uleule hutoka 9, hupita 12, kikafika 3. Zamu hizo hubadilishana mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, siku ambazo jua la adhuhuri hupita utosini hasa. Kama saa ingebuniwa Unyamwezi, tungekuwa na mwendo wa saa wa kiangazi na mwendo wa saa wa masika. Jaribu na wanafunzi wako, Mwalimu. Kijiti, chokaa na siku moja ya jua vinatosha.

Kuna wanaoniuliza kama hesabu yetu ya saa, ambamo akrabu fupi ikiwa kwenye 9 sisi tunasema saa tatu, inageuza upande. Haigeuzi. Tumehamisha majina kwa nusu duara, akrabu inapita palepale.

Badala ya saa, wengine hukimbilia mikono: "zungusha kulia", "zungusha kushoto". Maneno haya ni mazuri kwa njia panda na mabaya kwa gurudumu. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, kama kisu kilivyo cha kukatia. Ni neno la mwili wa mtu, na gurudumu halina mwili wa mtu. Shika usukani kwa juu uuzungushe kulia: mkono unakwenda kulia. Ushike kwa chini uuzungushe upande uleule: mkono unakwenda kushoto. Fundi anayesema "kulia" anafikiria ukingo wa juu, na mwanafunzi wake aliyeinama chini ya gari anaweza kufikiria ukingo ulio mbele ya pua yake. Ndiyo maana gereji maneno yanayofanya kazi kweli ni kaza na legeza. Yanataja matokeo, na nati haina matokeo mawili.

Hata hivyo, mwili wa mtu unaweza kutusaidia ukitumiwa vizuri. Waislamu wanaotufu Makka huizunguka Kaaba mara 7, na namna ya kueleza upande wao ni kwamba Kaaba huwa kushoto kwao. Sikiliza jinsi sentensi hiyo ilivyotulia. Haihitaji saa, wala haimjali mtazamaji aliye mnarani au aliye uani, kwa sababu kushoto ni kwa yule anayetembea. Wakimbiaji wa riadha nao hukimbia uwanja ukiwa kushoto kwao. Hapo kwenu Kigoma nimewahi kuwatazama watu wakiponda mawese kwa pipa lililosimikwa ardhini, mti mrefu umefungwa juu yake, wao wanausukuma huku wakilizunguka. Nilipouliza wanazunguka upande gani, mzee mmoja alinijibu, "Pipa linakuwa mkono huu," akapiga paja la kushoto. Jibu la fizikia safi kabisa. Lina sharti moja tu: kitu kiwe na juu na chini, watu wasimame kwa miguu. Kititia ulichokishika mbele ya uso wako hakina juu wala chini ya namna hiyo kwenye kijiti kinachokizungukia, kwa hiyo kinarudi kudai mtazamaji.

Nakuja kwenye kitenzi, na hapa nakuomba uvumilivu, kwa kuwa ndipo penye utata mkubwa kuliko ule wa upande. Zunguka hubeba kazi mbili. "Feni inazunguka" ina maana iko palepale, inageukageuka yenyewe. "Nimelizunguka soko la Mwanga" ina maana nimepita pembeni yake au ndani yake mpaka nikarudi. Sikugeuka kama pia. Kazi ya pili huwa na yambwa, yaani kile kinachozungukwa, na kiambishi chake kinapaswa kusikika: Dunia ina*li*zunguka Jua, Mwezi una*i*zunguka Dunia. Mwandishi akikidondosha, akaandika "Dunia inazunguka" basi, msomaji hajui ni siku moja au mwaka mmoja.

Weka sarafu mbili za shilingi 200 mezani, zikigusana. Moja ishikilie kwa kidole isisogee. Nyingine ibingirishe pembezoni mwa mwenzake bila kuteleza mpaka irudi ilipoanzia. Imezunguka mara ngapi? Atakayejibu moja amesema kweli: imeizunguka sarafu ya katikati mara 1. Atakayejibu mbili pia amesema kweli: yenyewe imejizungusha mara 2, na unaweza kuthibitisha kwa kutazama picha iliyo juu yake, kwani ikifika nusu ya safari tu picha imeshasimama wima tena. Wengi hutarajia iwe mara 1 kwa kuwa sarafu zinalingana. Wanasahau kwamba safari yenyewe ya kuzunguka inaongeza mzunguko mmoja.

Utata huu hauko kwenye Kiswahili peke yake. Mwaka 1982 mtihani wa kuingilia vyuo vikuu Marekani uliuliza swali la namna hii: duara dogo, nusu kipenyo chake ni theluthi ya nusu kipenyo cha duara kubwa, linabingirika kulizunguka hilo kubwa, litazunguka mara ngapi hadi lirudi lilipoanzia? Watahini walikusudia 3. Jibu ni 4, na 4 haikuwamo kwenye majibu ya kuchagua. Wanafunzi 3 waliandika barua kueleza kosa, na swali likaondolewa kwenye hesabu ya alama. Ukiliuliza swali hilo kwa Kiswahili ukatumia "litajizungusha mara ngapi", kosa la hesabu linabaki, lakini angalau hakuna atakayejibu 1 akadai alielewa hivyo.

Ndipo ninapomjibu mwalimu mwenzako. Anasema -ji- inahitaji nia. Ni kweli katika "amejiua" au "amejipamba". Lakini sisi sote tunasema mlango umejifunga, kamba imejikunja, uzi umejifunga fundo, na hakuna anayeushitaki mlango kwa kuwa na nia. Kiambishi hicho pia husema kwamba tendo limeanzia kwenye kitu na kuishia kwenye kitu hichohicho. Kwa hiyo "Dunia inajizungusha kwenye mhimili wake na inalizunguka Jua" ni Kiswahili sahihi, na mimi naona ndiyo sentensi bora kwa darasa, kwa kuwa kila kitenzi kimebaki na kazi moja. Kwa feni ningebaki na "inazunguka", au "inazungushwa na mota" kama unataka chanzo cha nguvu kitajwe. Upande wa Dunia usiusemee saa kabisa. Anayeitazama kutoka juu ya Ncha ya Kaskazini ataiona ikienda kinyume cha saa, wa Ncha ya Kusini ataiona ikifuata saa. Sema "kutoka magharibi kwenda mashariki", na ubishi hauna pa kuanzia.

Uliuliza kama lipo neno lisilobadilika. Lipo, lakini ni la jambo jingine: msokoto. Chukua kamba ya mkonge, tazama jinsi nyuzi zake zinavyopanda kwa mshazari. Igeuze kichwa chini, miguu juu, tazama tena. Mshazari ni uleule. Itazame kwa nyuma, uleule. Kititia hubadilika kwa kuwa kinazunguka tu bila kwenda popote. Msokoto unazunguka huku ukisonga mbele, na ukihamia upande wa pili wa kamba vyote viwili hugeuka pamoja, vikafutana. Kwa sababu hiyo tunaweza kusema "parafujo ya mkono wa kulia" bila kutaja mtazamaji. Ukiizungusha kufuata saa, wewe ukiwa upande wa kichwa chake, inakwenda mbele yako, inakaza. Fundi baiskeli yeyote anaijua parafujo ya mkono wa kushoto pia: pedeli ya kushoto meno yake yamechongwa kinyume, ili mwendesha baiskeli asiilegeze kidogo kidogo kila anapokanyaga. Wenye haraka huizungusha kinyume cha saa wakitaka kuifungua, kumbe wanaikaza.

Imebaki picha yako ya simu. Ni kazi ya Mjapani Nobuyuki Kayahara ya mwaka 2003. Kuna maneno yaliyosambaa kwamba anayemwona mchezaji akienda upande fulani anatumia ubongo wa kulia au wa kushoto. Usiyapeleke darasani, si kweli. Mchezaji yule ni kivuli kitupu, hana uso wala mkunjo wa nguo, hivyo jicho halipewi habari ya kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Ubongo huchagua, na ukichoka huchagua upya. Hapa hata ile nusu ya sentensi niliyokupa mwanzo haitoshi, maana watazamaji wamekaa benchi moja wakitazama kioo kimoja. Waulize jambo jingine: amesimama kwa mguu gani? Atakayeona wa kushoto ndiye atakayemwona anazunguka kufuata mwendo wa saa kwa anayemtazama kutoka juu, na atakayeona wa kulia atamwona anazunguka kinyume. Mwache kila mmoja aandike sentensi yake nzima ubaoni, mguu, upande na mtazamaji, kisha wasomeane.