Dada, usiuze shamba likiwa kijani

Juzi dada mmoja wa Mpwapwa kaniandikia. Chakula kimekwisha ndani, mvua imeshika, na mfanyabiashara wa kijijini yuko tayari kuwapa magunia mawili ya mahindi sasa, walipe manne wakivuna. Mume ameshakubali. Anauliza nasemaje.

Nasema hapana, huko ni kuuza mavuno yakiwa bado kijani shambani, na nina haki ya kusema. Nimekulia Chamwino, kwenye nyumba iliyolipa deni la namna hiyo miaka na miaka. Kwetu Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ukikopa Januari, mkopeshaji anakufikia na magunia yake ya lumbesa, yale ya kujazwa kupita kipimo, hata hujamaliza kupepeta. Mama alipolalamikia ujazo wa gunia, yule bwana alicheka, akamwambia mbele yetu watoto kwamba maskini hachagui kipimo. Mama alishamsamehe. Mimi bado.

Tulitoka humo kwa mambo ambayo majirani waliyaona ya aibu. Mwenye njaa hukimbilia kibarua cha palizi apate unga wa jioni, huku shamba lake linamezwa na majani. Mama alipalilia la kwake kwanza, kibarua baadaye, nasi tukalala na uji. Mahindi akayapunguza, akapanda mtama na uwele ambavyo mvua ikikatika havikati tamaa upesi. Mlenda wa porini tuliuchuma ukiwa tele, tukauanika, kiangazi chote hatukununua mboga. Walituita wala majani. Sawa.

Miaka ya kuku siisimulii sana: unafuga, kideri, ule ugonjwa wa kuku, kinafagia banda, unaanza upya. Kilichotuokoa ni chanjo ya tone la jichoni, kila baada ya miezi mitatu bila kuruka. Kuku wakazaa mbuzi, mbuzi wakanilipia shule. Leo Machi inafika ghala la mama bado lina mtama, na wale waliotucheka wanakuja kuazima debe. Tunawapa, wanarudisha debe lile lile.

Sasa nyie mnaotafuta mtaji, sikilizeni. Msidaiwe chakula! Nimeona watu wakipokea ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, asubuhi, mchana iko kwa mwenye duka. Nimeona vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa, vikigawana Desemba, fedha yote ikaishia kwenye sikukuu. Kikundi cha mama kilihamishia mgao Julai, nafaka ikiwa bei ya chini, kila mmoja akanunua akiba yake. Kina mama wenyewe waliamua, hakuna mtaalamu aliyewafundisha.

Kwa hiyo dada, mwambie shemeji yangu akope fedha kikundini, ile yenye riba inayojulikana, anunue gunia moja, si mawili. Mbegu msiiguse. Jogoo auzwe, matetea yabaki. Kama amekwisha kuweka dole gumba kwenye karatasi ya yule bwana, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji leo hii, kabla gunia halijashushwa, kisha uniandikie amesema nini.