Re: Kwa nini tuozeshe taka ambazo zitaoza zenyewe jaani?

Ndugu, umeuliza kuna haja gani ya kuozesha taka za nyumbani ilhali zitaoza tu zikifika Dandora, jaa kuu la Nairobi. Zitaoza, ndiyo, lakini vibaya: zikikosa hewa hutoa methani, gesi inayoshika moto, na yale maji meusi yanayochuruzika hadi mtoni. Zikigeuzwa zipate hewa, vijidudu hulichemsha lundo hadi nyuzi 60 hivi. Letu hapa plotini ukilichimbua asubuhi linafuka mvuke. Mkono huwezi kuuacha ndani. Maganda ya ndizi na mabua ya sukuma hunywea, kinachobaki ni kidogo na hakinuki sana. Ujerumani tangu 2005 imekataza kufukia taka za nyumbani kabla hazijaozeshwa au kuchomwa. Ila kama taka ulizoozesha zilichanganyika na betri au nepi (na huku kwetu huchanganyika!), usizipeleke shambani kama mbolea. Hizo, hata zikishaoza, ni za kufukia tu.