Anti Anajibu: Zimebaki wiki tano, wanafunzi wanauliza nitarudi lini

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni mwalimu wa kujitolea, nafundisha hesabu na sayansi nchi ya mbali na kwetu, mkataba wangu ni wa miaka miwili na sasa zimebaki wiki tano tu. Kusema kweli sina raha. Asubuhi nikiingia darasani kabla hata sijashika chaki kuna mtoto atauliza mwalimu unaondoka lini, mwingine anadakia utarudi lini, na mimi kuna siku nilijibu "nitarudi mwakani" ili tu watulie tuendelee na somo. Sasa kuna binti mmoja alikuwa anafanya vizuri sana, ameacha kabisa kuleta daftari lake la mazoezi nimsahihishie, nikimuuliza ananiangalia tu. Usiku usingizi haupatikani, nawaza begi, ripoti ya mwisho, mitihani sijamaliza kusahihisha, na huyo atakayepokea darasa langu sijui hata kama yupo. Nifanyeje Anti? Na kuwaambia nitarudi nilikosea?
Mwalimu wa Kujitolea, ughaibuni

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na hilo la mwisho manake naona ndo linalokunyima usingizi. Ndiyo, ulikosea, ila bado una wiki tano za kurekebisha. Sisi watu wazima tukiambiwa "tutaonana" tunajua ni maneno ya kuagana, mtoto yeye anahesabu miezi. Kesho ingia darasani uwaambie wazi, nilisema nitarudi mwakani, sikupaswa kuahidi kitu ambacho sina uhakika nacho, naondoka tarehe fulani. Halafu hiyo tarehe iandike pembeni ya ubao iachwe hapohapo kila siku waione. Watalia kidogo wengine, waache walie, inauma zaidi kuja asubuhi ukakuta mwalimu hayupo na hakuna aliyekuandaa.

Yule binti usimwite mbele ya wenzake wala usimtafutie zawadi ya kumfurahisha, zawadi ya siri kwa mtoto mmoja inaleta maneno na yeye ndo atabaki nayo hayo maneno wewe ukiwa umeshapanda ndege. Mimi namsoma hivi: anajizoesha kuishi bila wewe, ameanza mapema kabla hujamuacha. Kwa hiyo mpe mtu wa kumshika. Chukua mwalimu mwenzako mmoja wa hapo shuleni, kaeni watatu, mwambie binti kuanzia wiki hii daftari lako atakuwa analisahihisha mwalimu huyu na mimi nitakuwa nakaa pembeni naangalia. Msahihishe pamoja mara mbili tatu, halafu wewe anza kujitoa. Asipoleta siku ya kwanza usikate tamaa, mwenzako aendelee kumuulizia, kwa upole tu.

Hebu nikwambie yaliyonikuta mimi. Niliwahi kufundisha kwa kujitolea, na wiki zangu za mwisho zote ziliishia kwenye sherehe, picha na kuaga nyumba hadi nyumba. Nikafika kwetu, siku ya tatu naingiza mkono kwenye mfuko wa koti nakuta ufunguo. Ufunguo mdogo wa kufuli la kabati la vitabu, umefungwa uzi mwekundu niliouweka mwenyewe ili usipotee! Vitabu vyote vya darasa langu vilikuwa ndani ya lile kabati na hakukuwa na ufunguo mwingine. Walisubiri karibu wiki mbili, wakaogopa kuvunja mali ya shule, mwisho wakakata kufuli kwa msumeno. Nilizungumza nao kwa simu hakuna aliyenilaumu, na bado mpaka leo inaniuma, manake nililia sana siku ya kuwaaga wakati kitu walichokuwa wanakihitaji kwangu nilikuwa nacho mfukoni.

Ndo maana nakuomba sana mwanangu, wiki hizi tano zitumie kukabidhi. Ufunguo toa wiki hii. Vipindi vyako anza kumpa mwenzako sasa hivi, wewe kaa dawati la nyuma kabisa, utaona vitu ambavyo ukiwa mbele huvioni, nani anasinzia, nani ananakili kwa jirani. Mimi nilikuwa na kijana alikuwa ananakili kila kitu kwa mwenzake, nikamuona mvivu, mwezi wa saba ndo nikagundua haoni ubaoni. Nikamhamishia mbele akawa anafanya vizuri, ila sikuandika popote, na niliporudi kwetu hilo nikaondoka nalo kichwani. Wewe andika. Chukua daftari la kawaida, si ya kompyuta ambayo itakosa umeme, kila mtoto mistari miwili, anakaa wapi na kwa nini, anakwama kwenye mada ipi, nyumbani nani wa kuzungumza naye. Andika mmefika ukurasa gani, jaribio lipi la sayansi linafanyika kwa vitu mlivyo navyo na lipi liliwashinda. Kama hakuna mwalimu wa kukupokea nenda kwa mkuu wa shule leo umuulize umkabidhi nani, na daftari mkabidhi kwa sahihi. Ripoti ya shirika lako itaandikika, hiyo ina fomu yake na kuna watu wa kukukumbusha.

Mitihani malizia kusahihisha kabla ya kugusa begi.

Na usijione msaliti. Kazi hii tangu mwanzo imepangwa iwe na mwisho. Peace Corps kwa mfano, shirika la serikali ya Marekani linalopeleka watu wa kujitolea nchi nyingine, lililoanzishwa mwaka 1961 na walimu wake wakaenda Ghana mwaka huohuo, mpaka leo utaratibu wao wa kawaida ni miezi 27, yaani miezi 3 ya mafunzo na miaka 2 ya kazi, na kati ya malengo yao matatu la tatu ni kuwafanya Wamarekani wawaelewe watu wa nchi nyingine. Kwa maana hiyo hata kurudi kwao kumehesabiwa kama kazi.

Mengine kwa kifupi. Picha za watoto usirushe mtandaoni bila ruhusa ya wazazi na shule, hata kama wamependeza vipi. Mawasiliano na wanafunzi yapitie shuleni, barua moja ya darasa zima inatosha, namba yako binafsi usigawe kwa watoto. Barua ya uthibitisho wa kazi omba kabla hujaondoka, mkuu wa shule akihamishwa kuipata ni kazi.

SWALI: Anti, mimi nimesharudi, nina wiki ya tatu nyumbani. Nilidhani nitafurahi ila kila kitu kinanikera, watu wanauliza "kulikuwaje huko" halafu kabla sijamaliza sentensi wameshabadilisha mada. Nina tatizo?
Mwalimu Aliyerudi

JIBU: Huna tatizo mwanangu, ni jambo linalojulikana. Mwaka 1955 mtafiti Sverre Lysgaard aliwachunguza Wanorwei waliokwenda Marekani akaona mtu hali yake inaanza juu, inashuka katikati, halafu inapanda tena kama herufi U. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn wakaongeza kwamba ukirudi kwenu unashuka na kupanda tena upya, ikawa kama W. Wewe sasa hivi uko kwenye bonde la pili na wengi hatukuambiwa kama lipo.

Usilazimishe watu wote wasikilize. Tafuta mmoja, ikiwezekana aliyewahi kujitolea, umsimulie siku moja tu kuanzia kengele ya asubuhi mpaka jioni. Kwa wengine jibu fupi linatosha na usiwachukie, hawakuwepo. Na kama ulikuwa sehemu yenye malaria dawa za kinga usiziache siku unayofika, doksisaiklini kwa mfano inaendelea wiki 4 baada ya kutoka huko. Ukipata homa hata baada ya miezi mwambie daktari ulikuwa wapi, kuna aina ya malaria inayojificha kwenye ini ikaibuka baadaye, na daktari usipomwambia hatafikiria kuipima.

Na leo kabla hujalala pekua mifuko ya nguo zako zote.