Ifundishwe, lakini isigeuzwe somo

Mhariri, wiki hii mmeuliza: je, wanafunzi wa sekondari wafundishwe mizizi ya Kigiriki na Kilatini iliyomo kwenye maneno ya Kiingereza, au huko ni kuwatwisha mzigo juu ya mzigo? Mimi nafundisha Baiolojia katika shule ya kata mkoani Tanga. Jibu langu ni ndiyo, wafundishwe. Ninachokihofia ni namna tutakavyofanya.

Wengi wa wanafunzi wangu wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili. Usanisinuru wanaujua vizuri tu: jani, mwanga wa jua, maji, hewa ukaa. Wakiingia Kidato cha Kwanza wanakutana na "photosynthesis", nao wanaimeza herufi kwa herufi kama namba ya simu. Ni nadra mtu kuwaonyesha kwamba neno letu lina vipande vilevile vya lile la Kigiriki. "Photo" ni nuru, "synthesis" ni usanisi, yaani kuunda kitu kwa kuunganisha. Kilichogeuka ni mpangilio.

Na kwenye mpangilio ndipo pa kukaa kidogo. Kiswahili hutaja kwanza kitu chenyewe, kinachokieleza kikafuata. Tunasema kipimajoto: kupima kumetangulia, joto liko nyuma. "Thermometer" imepanga kinyume, joto mbele na kipimo nyuma. Kwa hiyo nawaambia wanafunzi neno refu la sayansi walisome kuanzia mkiani. "Biology": mkiani kuna "logy", elimu, mbele kuna "bio", uhai. Elimu ya uhai. Wakishazoea kusoma hivyo, woga unapungua hata kabla hawajajua mizizi mingi.

Mfano ninaoupenda ni wa wanyama, kwa sababu huku pwani tunao. "Pod" ni mguu. "Arthro" ni kiungo cha kukunjia, basi Arthropoda ni wenye miguu ya viungo: kaa, kamba, panzi, buibui. "Gastro" ni tumbo, na konokono, aliye Gastropoda, kila mtoto amemwona akitambaa kwa tumbo. "Cephalo" ni kichwa. Ukiwauliza ni mnyama gani miguu yake imeotea kichwani, darasa zima linajibu pweza, na mmoja ataongeza ngisi. Mzizi mmoja umeshika makundi matatu ya mada ya uainishaji, na hakuna aliyekariri kitu. Mwanafunzi huyohuyo akisikia zahanati kwamba shangazi ana "gastritis", ataujua mwanzo wa neno. Mwisho wake, "itis", huashiria sehemu ya mwili iliyovimba na kuuma kwa maradhi, na atauona tena kwenye "tonsillitis" na "appendicitis".

Wapo walimu wenzangu wanaosema watoto hawataweza. Watoto hawa ndio wanaofundishwa na mwalimu wa Kiswahili, chumba cha pili, kulichambua neno "wanapigiana" hadi ubaki mzizi "pig" na viambishi vyake vyote. Zana wanayo. Sisi wa sayansi hatuwaulizi wameiweka wapi.

Hoja ya ugeni nayo siielewi sana. Kalamu anayoandikia mwanafunzi ni neno la Kigiriki lililotufikia kwa njia ya Kiarabu. Karatasi pia, na ndugu zake ndani ya Kiingereza ni "chart" na "card". Almasi na falsafa zimepita njia hiyohiyo, na sabuni ina asili ya Kilatini. Tunaongea Kigiriki kila siku bila kuomba ruhusa.

Sasa niseme inapokwama. Mizizi hudanganya, na mwalimu asiyelijua hilo atadanganya nayo. "Homo" katika Homo sapiens ni Kilatini, maana yake mtu. "Homo" katika "homozygous" ni Kigiriki, maana yake sawa. "Pedal" imetoka kwenye mguu wa Kilatini, ilhali "paediatrics" imetoka kwa mtoto wa Kigiriki. Tahajia ya Kiingereza cha Uingereza inatusaidia kuyatenganisha, ile ya Marekani inayachanganya. Masikio yetu nayo yana lake, kwani "hypo" (chini, pungufu) na "hyper" (juu, kuzidi) zikitamkwa haraka zinasikika kitu kimoja. Wanafunzi wangu walijitafutia dawa: "hypo" wanaisikia "haipo", basi wakasema ni upungufu. Hypoglycaemia, sukari ya kutosha haipo. Kwenye damu inafaa sana. Kwenye ngozi haifai, maana hypodermis ni tabaka lililo chini, na lipo.

Zaidi ya hayo, mzizi hukueleza aliyetunga jina alidhani nini, jambo ambalo si lazima liwe kweli. Antoine Lavoisier, mkemia Mfaransa wa karne ya 18, aliamini kila asidi ina oksijeni ndani yake, akaipa gesi hiyo jina lenye maana ya kizaa asidi. Mwaka 1810 Humphry Davy wa Uingereza akaonyesha kwamba asidi ya haidrokloriki haina oksijeni, lakini jina lilikuwa limeshakaa. Malaria ni Kiitaliano, hewa mbaya, na liliendelea kuitwa hivyo hata baada ya Ronald Ross kumkuta kimelea ndani ya mbu mwaka 1897. Tandu, "centipede", ameitwa mwenye miguu 100, na hana hata siku moja, kwa sababu jozi za miguu yake huwa witiri, ama 15 ama 21 na kuendelea. Jongoo ndiye kichekesho. "Millipede" ni miguu 1,000, na kwa muda mrefu hakujulikana jongoo yeyote aliyefikisha idadi hiyo, mpaka mwaka 2021 wataalamu walipomtangaza mmoja wa chini ya ardhi huko Australia Magharibi mwenye miguu 1,306. Hadithi hizi siziruki darasani hata muda ukiwa mdogo. Zinamfundisha mwanafunzi kukisia maana kwa mzizi, halafu kwenda kuhakiki.

Kwa hiyo napendekeza mizizi michache, labda miwili au mitatu kwa mada, itajwe neno linapotokea, na mwalimu wa somo lenyewe. Kwenye Kemia itajwe na mwalimu wa Kemia, kwenye Jiografia na wa Jiografia. Walimu wapewe kurasa chache za kuwasaidia, kwa sababu wengi wetu hatukufundishwa chuoni, na tunachokijua tumekiokota kwenye kamusi.

Ila watunga mitaala waiache nje ya mtihani. Siku karatasi ya taifa itakapokuja na "Eleza maana ya mizizi kumi ifuatayo", sisi walimu tutakuwa wa kwanza kubandika orodha ukutani, twisheni za jioni zitaikaririsha kwa kuimba, na kabla muhula haujaisha vijitabu vyake vitakuwa vinauzwa stendi.